Kichwa Kipya cha Kompyuta ya Purity

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ya kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Kina baraza moja ya mawe, iliyolainika kwa kukaliwa, na jiko la mkaa la Chirau, muuza kahawa, mtu asiyesema sana lakini hapendi kuona kikombe cha mtu kikiwa kitupu. Baada ya alasiri, kivuli kikishaingia, hufika watu watatu. Tsuma, dereva wa lori huko Shimanzi, tunamwita Breki kwa sababu akianza kusema hana. Badawi tunamwita Dubai. Alikwenda huko mara moja kumtazama shemeji yake, na mpaka leo ni kama hajarudi. Oloo hupima mizigo bandarini, basi yeye ni Mizani. Mimi hukaa pembeni na karai langu la viazi, mwanangu Jared akiwa kwenye mkeka. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, pana chumba cha Purity, dada wa Kikamba anayewapigia watu chapa kwa kompyuta. Alhamisi hiyo, mwaka wa tisini na saba, mlango wake ulikuwa wazi lakini hatukusikia vitufe vikilia. Baadaye akatoka, akasimama mbele ya baraza kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.

PURITY: Imeganda tena.

BREKI: Kompyuta?

PURITY: Ndiyo. Ile shule niliyowaambia inataka niwapigie mitihani yao yote, na michoro yake. Wamenipa karatasi moja ya majaribio, ina picha ya sikio. Wanaitaka Jumamosi asubuhi. Nikianza tu kuchora sikio, mashine inasimama. Fundi ameniambia kwa simu kichwa chake ni 386, ni cha zamani, hakiwezi. Nitafute kichwa chenye nguvu.

MIZANI: Na usipopeleka hiyo Jumamosi?

PURITY: Watampa mwingine. Na bila kazi hiyo, hiki chumba siwezi kuendelea nacho. Nitarudi kwetu Mwala.

Chirau akamimina kahawa, akampa Purity kikombe cha kwanza, ingawa Dubai ndiye aliyekuwa amenyoosha mkono. Dubai akaurudisha mkono taratibu, akajifanya alikuwa akijikuna.

PURITY: Nilichoweka akiba kinatosha kichwa tu, tena cha bei ya chini. Kompyuta nzima siwezi. Basi niambieni, ninunue kichwa gani?

Hapo alifanya kosa. Ukiwauliza wale watu watatu njia ya kwenda Feri, watakupa njia tatu, na moja itapita Malindi.

BREKI: Hilo swali dogo. Kichwa ni injini. Injini ndogo ukiipa mzigo mkubwa, itazimika mlimani. Nunua Pentium. Mkono mtupu haulambwi.

MIZANI: Hiyo methali inaingiaje hapo?

BREKI: Inaingia kwa mlango. Pentium, dada Purity. Usisikilize watu.

MIZANI: Pentium kwa pesa gani? Amekwambia cha bei ya chini. Kuna 486. Ofisi yetu bandarini wanatumia hiyo hiyo, na meli zinaondoka.

BREKI: 486? Godauni kwetu iko moja. Kioo chake kiliangukiwa na kasha, kikavunjika, sasa lile sanduku twaliwekea birika la chai. Mizani, wataka mitihani ya watoto ipigwe chapa juu ya meza ya birika?

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Hata Purity alitabasamu kidogo.

DUBAI: Nyote mwatizama nguvu, hamtizami asili. Kichwa kikitoka Nairobi kimezoea baridi. Ukikileta hapa, kwa joto hili na chumvi hii ya baharini, kitazimia. Kinachotakikana ni kichwa kilichokaa Dubai. Kule vyazaliwa kwenye joto.

MIZANI: Dubai ndani ya nyumba kuna viyoyozi. Wewe mwenyewe ulituambia ulilala na blanketi mbili.

DUBAI: Ndani. Nje je?

MIZANI: Nani anaweka kompyuta nje?

DUBAI: Asiyejua maana haambiwi maana.

Purity alikuwa akigeuza shingo kama mtu anayetazama mpira. Nilimpa kiazi. Alikila bila kukitazama. Yeye ndiye anayenifundisha kupiga chapa saa za mchana ambapo wateja hawaji. Hunishikia Jared kwenye paja mimi nikitafuta herufi. Sikumaliza hata darasa la nane vizuri, lakini hajawahi kunicheka. Nilikuwa nikisikia neno Mwala likinizunguka kichwani kama nzi.

MIZANI: Sikilizeni sasa, hili nimelipima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vichwa vya 386 siku hizi hakuna anayevitaka, vinauzwa kama njugu. Dada Purity anunue cha pili, akiweke ubavuni mwa kile alicho nacho. 386 na 386 ni ngapi?

DUBAI: Mia saba na... sabini na mbili.

MIZANI: Mia saba sabini na mbili. Hiyo 486 imeachwa mbali. Na Pentium ina namba ngapi?

BREKI: Pentium haina namba.

MIZANI: Basi.

Breki akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinyamaza bila kulala. Kisha akapata njia.

BREKI: Umeona wapi gari lenye injini mbili?

MIZANI: Feri. Ina injini mbele na nyuma, haigeuki, inakwenda na kurudi.

DUBAI: Kweli, feri haigeuki.

BREKI: Kwa hivyo kompyuta itapiga chapa ikienda, halafu ipige ikirudi?

MIZANI: Itamaliza kazi mara mbili.

DUBAI: Basi vitiwe vitatu. Kimoja kiwe cha Dubai, kiwafunze wenzake kustahimili joto.

BREKI: Na akitia vitatu, stima je? Taa za mtaa mzima zitafifia. Waambie watu wa Ndia Kuu wazime friji zao dada apate kuchora sikio.

DUBAI: Wallahi mimi naona hata haya hayatakikani. Haraka haraka haina baraka. Mashine ya polepole haikosei.

PURITY: Haiendi polepole, kaka Badawi. Inasimama.

Dubai akatazama kahawa yake. Nataka msomaji aelewe kuwa hawa si watu wa mzaha tu. Breki amempa Purity kazi ya kupiga chapa tangazo la "Usiegemee Gari" mara tatu, na lori lake lina mlango mmoja tu unaoegemewa. Mizani ana mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, lakini barua za kaka yake lazima zipigwe chapa kwa Purity. Dubai hana cha kuandikisha, kwa hiyo kila mvua ikinyesha huja na ufagio kuondoa maji mlangoni pake, kisha hudai alikuwa akipita. Walikuwa wakibishana kwa sababu hawakuwa na kingine cha kumpa.

Wakati huo akatokea Bi Mejumaa na kikapu chake cha chupa za achari. Yeye hakai nasi, nyumba yake iko upande wa ngomeni. Siku hiyo alikuja kupigiwa chapa vibandiko vya chupa. Wote watatu wakasimama.

DUBAI: Shikamoo, Bi Mejumaa. Karibu, keti hapa penye kivuli.

BI MEJUMAA: Marahaba, wanangu. Mbona mwamzunguka binti wa watu? Kuna posa?

DUBAI: Hakuna posa, bibi. Kompyuta yake yataka kichwa kipya. Huyu Mizani ataka vichwa viwili, mimi nataka kilichotoka Dubai. Na Breki, ambaye kwao kompyuta ni meza ya birika la chai, ndiye atufunzaye Pentium.

BI MEJUMAA: Na kile kichwa kilichomo ndani, chatoka vipi?

Chirau, aliyekuwa akigongesha vikombe vyake, akaacha.

BREKI: Chatoka... Mizani, chatoka vipi?

MIZANI: Nafikiri kinachomolewa.

BI MEJUMAA: Mimi nilipotiwa jino hili, daktari alianza kwa kutizama lile bovu. Nyinyi mmelitizama?

Hakuna aliyekuwa amelitazama. Kompyuta ya Purity hufunikwa kitambaa cheupe alichofuma mamake, chenye maua pembeni, na sisi sote tulikiheshimu kile kitambaa kama shela. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba chini yake kuna kitu kinachofunguliwa.

BREKI: Kikulacho ki nguoni mwako.

MIZANI: Kwa mara ya kwanza leo methali yako imekaa.

Breki akaleta bisibisi kutoka kwenye lori. Baraza ikabaki tupu, tukavuka kichochoro wote, hata Chirau na dele lake la kahawa mkononi, mimi na Jared mgongoni. Purity akakikunja kitambaa. Breki akafungua skrubu, akavuta mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi kama la chini ya kitanda. Mizani akalipuliza, na katikati ya bodi tukakiona: kijiwe cheusi, bapa, kidogo kuliko biskuti, chenye namba zile zile alizotaja fundi.

Mizani akakigusa kwa kucha. Akajaribu ukingo mmoja, kisha mwingine.

MIZANI: Hakina tundu. Kimetiwa lehemu. Pande zote nne.

BREKI: Maana yake?

MIZANI: Maana yake hakitoki. Kimezaliwa na bodi yake, kitakufa nayo. Hata ukileta Pentium, haina pa kuingia.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda Pentium, na kichwa cha Dubai, na ile mia saba sabini na mbili. Purity aliketi kwenye kiti chake, mkono mdomoni. Dubai, ambaye hakosi neno, alisema tu, "Pole, dada," akaanza kuyafuta mavumbi ya meza kwa kiganja chake. Nilimshusha Jared, nikamweka kwenye paja la Purity. Akamshika kama anavyomshika siku zote, akimlaza kichwa kifuani, akiitazama ile bodi.

Kisha akainua uso.

PURITY: Kaka Tsuma, ile ya kwenu ya birika. Kilichovunjika ni kioo tu?

BREKI: Kioo tu. Kiliangukiwa na kasha.

PURITY: Sanduku lenyewe halikuangukiwa?

BREKI: Sanduku lilikuwa kando. Lingekuwa limevunjika birika lingekaa vipi?

PURITY: Na mimi kioo ninacho. Hiki hapa, kizima.

Breki alimtazama Purity, akatazama kioo, akamtazama Mizani. Wengine tulimwacha afike mwenyewe.

BREKI: Na kichwa chake ni 486.

MIZANI: Ndiyo, Breki. Na kiko ndani ya bodi yake tayari, hakihitaji kung'olewa. Waulize tu wenyewe kwanza.

Hakusubiri. Aliacha kahawa yake nusu, na lori tukalisikia likiondoka. Chirau alirudi kijiweni, akakifunika kile kikombe kwa kisahani. Sisi tukangoja. Bi Mejumaa hakwenda zake; alisema vibandiko vinaweza kusubiri, achari haiozi. Dubai aliomba dua chini chini, na safari hii hakuitaja Dubai.

Karibu na magharibi Breki akarudi na sanduku begani. Juu yake kulikuwa na duara la kahawia la birika, limeingia hasa, halifutiki.

BREKI: Mwenye godauni amesema lichukuliwe, yeye alishasahau kuwa ni kompyuta.

Mizani akaunganisha nyaya za kioo, za kibodi, za stima. Purity akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi.

DUBAI: Limezimia.

MIZANI: Nyamaza.

Likalia mlio mmoja mdogo, kama kifaranga. Kisha kwenye kona ya kioo namba zikaanza kupanda, zikapanda, zikapanda, na watu wazima wote mle chumbani wakawa wanazifuata kwa midomo bila sauti. Purity akatia disketi za programu yake, moja baada ya nyingine. Breki alitaka kuuliza jambo mara mbili, akajizuia mara zote mbili, na mimi niliona ilivyomgharimu.

Mwisho Purity akaanza kuchora. Ukingo wa juu wa sikio ukatokea. Ukateremka. Pale palipokuwa pakiganda pakapita. Akachora ndewe, akachora tundu, akaandika A na B na C kwenye mishale. Sikio zima likawa pale kwenye kioo, kubwa, na Jared akashika la kwake.

Hatukupiga makofi. Dubai aligeukia ukutani. Mizani akasema, "Jumamosi utapeleka," na Purity akaitikia kwa kichwa.

Ndipo Bi Mejumaa akauliza, hana ubaya, kama mtu aulizaye chumvi iko wapi:

BI MEJUMAA: Na birika la watu sasa litakaa wapi?

Breki akalitazama lile duara la kahawia. Kisha macho yetu yakaanza kwenda, moja moja, kwenye ile 386 iliyokuwa sakafuni bila mfuniko.

Purity akairudishia mfuniko, akakaza skrubu mwenyewe. Akakichukua kile kitambaa cheupe chenye maua, akakitandika juu yake, akakinyoosha pembe zote nne.

PURITY: Iende nacho godauni. Birika lisiteleze.