Skii Nyembamba Kama Tambi

Kwenye treni ya kupanda Frognerseteren, mlimani juu ya Oslo, watu hawasemeshani, ila ukiingia na skii za mtumba, zile mbao za kutelezea thelujini, umejitakia.

“Mjukuu wangu, hizo tambi ni za njia iliyosawazishwa na mashine,” bibi mmoja alimwambia kijana aliyekaa mbele yangu. “Porini utazama mpaka kiunoni. Ungetafuta pana.”

“Lakini bibi, nilinyoosha mkono juu, zikanifika kwenye kifundo cha mkono. Si ndivyo tunavyopima?”

“Umepima urefu. Na hilo tumbo, nani atalibeba?”

“La Krismasi tu hili, bibi, litapungua.”

Nilicheka chinichini, mimi bingwa wa kusoma habari za theluji. Treni ikasimama.

“Haya, shukeni wote wawili,” bibi akasema, akininyooshea fimbo. “Mkizama mtavutana. Huyu anayecheka, zake nyembamba kuliko zako.”