Abiria Kumi na Mmoja wa Zinga

Kijiwe chetu kipo Zinga, hatua ishirini kutoka kituoni, na aliyekianzisha ni mimi. Anayebisha aje na benchi lake. Juzi ilibandikwa barua ofisini kwa mtendaji wa kata: mabasi makubwa ya Dar yataishia Mapinga, kwetu hayafiki, kwa sababu, inasema barua, watu wa takwimu walikesha kituoni alfajiri nzima wakapata abiria kumi na mmoja. Na ombi la mabasi hayo tulilipeleka sisi. Basi leo, tulipotoka kuswali alfajiri, tukakaa kuichambua barua.

— Kumi na mmoja ni timu ya mpira, si kata, alisema Kombo, tunayemwita Mbunge ingawa hata ubalozi wa nyumba kumi ulimshinda. Mapinga wametuibia vichwa.

— Kichwa kinaibwaje? aliuliza Hamidu Injinia, fundi redio.

— Kinahamishwa. Kwenye karatasi.

— Wapi. Siku hizi inahesabu setilaiti, nayo inaona simu kubwa tu. Mwenye kitochi hayupo duniani.

— Basi wewe hujazaliwa, Injinia.

— Nyie wote hamjui kitu, nikasema. Wale wahesabuji si nilikuwa nao mimi? Mabwana wawili, vizibao vya manjano. Mgeni wa Zinga atasimamaje barabarani na njaa? Nikawaketisha hapahapa, nikawapa habari za babu yangu na Mjerumani, wakacheka mpaka jua likachomoza.

— Vitumbua nilitoa mimi, akadai Kombo.

— Na mimi niliwazuia mara tatu wasiondoke, akasema Hamidu.

Tukawa tunagombania nani aliwakirimu zaidi, ndipo akatokea Bi Mwanamkasi. Huyu mama huenda Dar mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, na hubadilisha magari matatu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Mnajadili barua?

— Tunakupigania wewe, mama.

— Ahsanteni. Alfajiri ile tulijaa kituoni, mimi nikaachwa na magari mawili. Mtu wa kutuhesabu sikumwona. Kwani walikuwa wapi?

Hamidu akaanza kufungua simu yake nyuma. Kombo akakumbuka ana mgonjwa wa kumjulia hali. Mimi nikasogea ili apate nafasi ya kukaa.

Hakukaa. Gari lake la kwanza lilikuwa linakuja, nalo limeshajaa.