Koti la Sidonie Lisilotolewa Bandi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Montreuil kumsindikiza dada yetu, poleni kwa msiba na poleni kwa baridi, familia imenituma mimi Anselme, kitinda mimba wao, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa marehemu hakuvumilia kazi ya kulipua, nitajitahidi nisiruke mshono.

Ghislaine Courtadon alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Tarare, mtoto wa kwanza wa mzee Eugène, mfumaji wa kiwandani, na mama Léontine, akasoma shule ya msingi palepale Tarare, akajiunga na chuo cha ushonaji cha Lyon mwaka 1965, akahitimu Juni 1968, na baba alipomtaka abaki nyumbani alijibu kwamba vitambaa vyote vya Tarare vinakwenda Paris, kwa nini yeye asivifuate.

Tarehe 2 Septemba 1969 aliajiriwa Paris katika nyumba ya mavazi ya kifahari, chumba cha makoti, chini ya Bi Hortense Malaval, mkuu wa chumba, ambaye tunashukuru yupo nasi leo akiwa na miaka tisini na mitatu na ulimi uleule. Humo dada alijifunza kushona koti la twidi, ile sufu ya nyuzi za rangi nyingi, bitana ikishikizwa kwa ndani mstari baada ya mstari, mnyororo mwembamba ukifichwa kwenye pindo ili koti litulie mwilini, na alijifunza pia sheria ya chumba, kwamba koti hubaki na nyuzi nyeupe za bandi, zile za kushikiza kwa muda, mpaka mkuu alitazame likiwa limevaliwa na aseme, "Toa bandi." Mshonaji hasemi mwenyewe, awe fundi wa namna gani, na dada alifanya kazi humo hadi Desemba 2006 bila kuyatamka maneno hayo hata siku moja.

Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1983 na shemeji yetu Firmin Lachaud, fundi umeme wa treni, aliyetutangulia mwaka 2011, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Sidonie, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1986.

Sidonie alipokuwa na miaka kumi na mitano aliomba koti kama yale ya wateja wa mama yake, alivae kwenye harusi ya binti yangu tarehe 27 Oktoba 2001, na dada, ambaye si mtu wa kukumbatia wala kusema nakupenda, alifurahi mpaka akaimba jikoni. Asubuhi ya harusi koti lilikuwa limekwisha, kwa macho yetu sisi wengine, Firmin anapiga honi huko chini, na Ghislaine, pini mdomoni, akasema bega la kushoto linashuka, akafumua mkono mzima.

"Mama, limenikaa! Nani atanitazama bega?"

"Mimi."

"Mimi ni binti yako, siyo mteja!"

"Mteja angetulia."

Firmin akapiga kelele ngazini, "Ghislaine, bibi harusi atajifungua kabla hatujafika!" lakini mkono ulikuwa umekwisha kufumuliwa, Sidonie alikuja harusini na koti la mvua, akala nalo, akacheza nalo, na katika picha zote yumo nalo, amenuna.

Hakukubali kupimwa tena. Septemba 2004 alihamia Marseille kusomea uuguzi, akabaki huko kikazi, na kwa miaka mingi mama na binti walizungumza kwa simu habari za hali ya hewa tu, huku dada akichungulia picha alizotumiwa, akilifumua lile koti, akilipanua na kulipunguza kwa kukisia, binti akinenepa koti linanenepa, na kila nilipomwambia ampelekee tu jamani, alinijibu, "Bado bandi." Laiti ningalimnyang'anya!

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, Sidonie akachukua likizo, akaja kumuuguza kwa mikono yake mwenyewe, na Jumapili tarehe 6 Machi 2022 dada aliomba ateremshiwe boksi lililokuwa juu ya kabati. Sidonie alitoa humo lile koti, akalivaa, likamkaa kama ngozi, akasimama mbele ya kitanda, na sote tuliokuwemo tulijua anasubiri nini. Dada alinyoosha mkono, akampapasa bega la kushoto, akasema, "Bado kidogo hapa," akasinzia. Alifariki Jumanne tarehe 8 Machi, bila kusema zaidi.

Jana Bi Hortense alifika nyumbani, akamwamuru Sidonie avae, atembee hadi dirishani na kurudi, kisha akasema, "Koti halina kosa. Mtoto ndiye ana bega la mama yake. Ghislaine nilimpigia kelele kila asubuhi, inua bega la kushoto wewe, hakuwahi kujiona." Kinyozi hajinyoi, wapendwa. Halafu akasema, "Toa bandi."

Sidonie alichukua mkasi, akaushika kitambo, akaurudisha mezani, akaniambia, "Mjomba, maneno hayo nilikuwa nayasubiri kwa mama." Kwa hiyo mkimwona leo hapo mbele na nyuzi nyeupe mabegani, nawaomba sana, asije mtu mwenye huruma akazinyofoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya tatu kwa supu za kila siku, na wenzake wa chumba cha makoti, ambao wameomba wamvalishe wao, wakamwekea na tondoo yake ya kushonea kidoleni. Marehemu ameacha binti mmoja, na sisi wadogo zake wawili.

Dada Ghislaine, limemkaa. Limemkaa tangu siku ile ya harusi. Pumzika, dada yetu, teremsha bega.