Nazima Haskel, Mtangazaji wa Jikoni

Bwana wa chama cha mazishi ametuomba tusitaje mahakama katika tanzia hii, na penye kazi yake tuseme "mama wa nyumbani". Tumemkatalia yote mawili.

Marehemu Nazima Haskel alizaliwa Baghdad tarehe 14 Machi 1934, binti wa tatu wa mzee Shaul, muuza vitambaa. Alisoma shule ya wasichana hukohuko hadi mwaka 1951, familia ilipohamia Israeli ikapewa hema karibu na Or Yehuda. Kiebrania alijifunzia kwenye foleni ya maji, ndiyo maana alikisema kama mtu anayepokonywa ndoo.

Mwaka 1956 aliolewa na Naji, fundi redio, wakahamia Ramat Gan. Alishona magauni ya maharusi. Televisheni ya serikali ilipoanza, 1968, alikwenda kujaribiwa utangazaji. Wakamwambia sauti yake ni ya sokoni, arudi kwenye cherehani. Akarudi, lakini hakusahau.

Nchi nzima ilikuwa na chaneli moja tu, na ndiyo iliyoamua tulale saa ngapi. Mwaka 1983 Naji aliweka deki ya video juu ya friji, akavuta waya kutoka jikoni, paa hadi paa, mpaka mtaa mzima ukawa unatazama filamu anazochagua marehemu. Sheria ilikataza. Waya ulipokatiza roshani, yeye alianika mashuka juu yake.

Vuli ya 1987 watangazaji wa serikali waligoma, skrini zikawa nyeusi. Marehemu akavaa hereni, akakaa mbele ya kamera ya kurekodia harusi, Naji akaiunga kwenye waya, naye akasoma habari: lifti imekufa tena, paka wa jirani Georgette amepatikana, na waziri kasema jambo ambalo halina kichwa wala miguu. Alikuwa bado anasoma maafisa wawili wa serikali walipoingia.

"Mama, zima. Tumekuja kuchukua mitambo."

"Karibuni, wanangu. Mmekula?"

"Hatukuja kula."

"Haya, semeni na watu." Akawageuzia kamera. "Watazamaji, hawa ndio wanaotaka mkalale. Huyu mwembamba, kwao hawapiki."

Mwembamba akafunga kifungo cha shati. "Tuko hewani?"

"Mtaa mzima unakuona, mboni ya jicho langu. Tabasamu basi!"

Ngazi zikajaa watu wenye ndala. Georgette, jirani wa chini, akaziba mlango akiwa na sufuria ya kubba, madonge ya nyama ya mchuzi: "Iguse hiyo deki uone!"

Waliigusa, wakaondoka nayo, na mchuzi kwenye suruali.

Mahakamani, Januari 1988, karani alimwita "Nazima Haskel, mshonaji".

"Mtangazaji," akasema marehemu.

"Bila kibali," akasema hakimu.

"Kibali hamkunipa, mheshimiwa. Kazi nimeifanya."

Alitozwa faini. Jioni ileile majirani walimletea deki tatu, akasoma habari za kesi yake mwenyewe, bila upendeleo hata kidogo kwa hakimu.

Baadaye makampuni ya kebo yalipewa leseni, yakakata waya wake, yakajiita waasisi. Hakuwahi kujiunga nayo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016. Wiki ya mwisho hospitalini alipitia chaneli zote za televisheni iliyokuwa juu ya kitanda chake. "Wengi hivi, na wote wanasema lilelile," alimwambia bintiye. "Niletee hereni." Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 9 Februari 2020.

Naji alimtangulia. Ameacha watoto wawili, Ilana na Gidi, wajukuu watano, dada yake Marcelle, na Georgette, ambaye bado ana ile sufuria.

Siku ya thelathini baada ya mazishi tutasimamisha jiwe la kaburi. Litakuwa na jina lake, na chini yake neno moja: Mtangazaji. Anayetaka kuona kibali, aje amuulize mwenyewe. Apumzike kwa amani, akiwa hewani.