Mahrous bin Ghanim, Sauti Nene ya Tangi Namba Saba

Jumamosi hii, tarehe 31 Disemba 2005, Mahrous bin Ghanim anakabidhi ufunguo wa lori la maji, Tangi Namba Saba, baada ya kuitumikia idara yetu ya maji hapa Ibra, Omani, miaka thalathini na miezi minne. Miaka yote hiyo hajapata kugonga ukuta wa mtu, ingawa kuta mbili tatu zimepata kumgonga yeye, kwa maelezo yake mwenyewe.

Nimeombwa mimi, Sleyum wa stoo, niandike wasifu huu kwa sababu wenye vyeti wote walikuwa na shughuli. Skuli nilifika darasa la sita, nikatoka kabla haijanitoa. Bibi Kuruthum wa ofisini, aliyenipigia chapa, aliposoma kurasa za mwanzo aliniuliza, "Ami Sleyum, huu wasifu wa ami Mahrous au wako?" Nimezifuta kurasa nne. Zilikuwa nzuri.

Mahrous alianza kazi Septemba 1975, akitokea Unguja. Amepeleka maji mpaka vijiji vya juu vya Dima wa Tayyin, ambako njia ni mawe matupu na mbuzi ndio maaskari wa barabarani. Mwaka 1996 wadi ilishuka na mafuriko ya mvua, barabara ikakatika, akakwama ng'ambo siku tatu akiwagawia watu maji kwa ndoo. Sisi huku tunamwombea dua. Mwenzetu alirudi amenenepa.

Lakini watu wengi wa mkoa wetu wa Sharqiyah hawamjui kwa maji. Wanamjua kwa "dum".

Mwaka 1991 tulianzisha kikundi cha kuimba kwa midomo mitupu, bila udi wala ngoma, namna ile ya vijana wa Kimarekani iitwayo duwop, tuliyoisikia kwenye santuri Unguja tulipokuwa na meno yetu wenyewe. Mmoja huongoza, wengine humjibu huku wakialisha vidole, na mwenye sauti nene hukaa chini kabisa akipiga "dum, dum, dum" kama msingi wa nyumba. Tukajiita Matangi. Hamdun msoma mita alikuwa na sauti nyembamba, utadhani kabanwa na mlango. Khattab fundi, mtu wa Bujumbura, kila tukikosea alisema "no problem", na tulikosea sana. Nasr wa pampu alijaza nafasi. Mahrous ndiye msingi. Kiongozi nilikuwa mimi, kwa kujichagua.

Mazoezi yalikuwa Jumatano baada ya kazi, hapo uwanjani. Kinanda cha kutupa sauti ya kuanzia hatukuwa nacho, basi Mahrous alipiga honi ya Namba Saba, nasi tukaishika hapo hapo. Kumalizia ilikuwa kazi yangu: nilisimama na finjani ya kahawa mkononi, na nikiitikisa, wote kimya. Hapa kwetu nani asiyejua kwamba ukitikisa finjani umesema imetosha, usinimiminie tena? Nilijiona nimevumbua kitu.

Tuliimba harusini Nizwa, Bahla, Al Kamil. Kila pahali nilifukiza kofia yangu udi, nikasimama mbele, na kila tukimaliza watu walinipita wakaenda kumpa mkono Mahrous. Bahla mzee mmoja alinishika mkono kwa nguvu, nikafurahi kweli. Kumbe anataka nimpishe.

Sasa nifike Sur, maana nisipofika leo sitafika tena. Mwaka 1998 Azzan, mwenzetu aliyehamishiwa huko, alitualika harusi ya mwanawe Yaarub. Nikamwambia Mahrous gari la Khattab limejaa, safari hii abaki. Gari lile lina viti vitano, nasi tulikuwa wanne. Kwenye kiti cha tano nililaza koti langu. Mahrous akasema, "Haya bwana, kheri," akaenda kuosha lori.

Sur tukaanza bila honi. Mimi nikashika juu mno, Hamdun akapanda juu zaidi, tukawa kama paka wanne juu ya bati. Ubeti wa pili, mzee mmoja wa mstari wa mbele akamaliza kahawa yake, akatikisa finjani. Matangi wote wakanyamaza! Miaka saba niliwafunza kutii finjani. Sikuwafunza kutazama ni ya nani. Na mimi mwenyewe, wallahi, nikanyamaza.

Katika kimya kile ikasikika, huko nyuma kwenye masinia ya wali: "dum, dum, dum." Mahrous. Alikuwa amempa Azzan ahadi ya kuja, basi alipanda taksi mpaka Al Kamil, akashuka akadaka nyingine, akafika kabla hatujamaliza kujiaibisha. Tukamdandia hapo hapo, tukaimba mpaka mwisho, na bwana harusi akainuka akacheza.

Kurudi alikaa kiti cha tano. Koti langu alilipakata mpaka Ibra, lisikunjike. Neno la kile kiti sikumwambia. Miaka saba sasa, kila Jumatano napanga kusema, na kila Jumatano honi inalia kabla sijafungua mdomo.

Basi naliandika, asipoweza kunikatiza. Mahrous, nafasi ilikuwepo. Nilikuonea choyo. Niwie radhi.

Nasikia anahamia Nizwa kwa binti yake Maram, na hatujui kama Matangi bado anawataka. Nilipomwuliza mkewe, Bi Ghaniya, alinijibu, "Mwulizeni mwenyewe. Mimi hiyo dum yenu naisikia bure kila akikoroma." Khattab anasema Nizwa no problem, atamfuata na gari kila Jumatano. Kiti cha tano kitupu. Koti nitalivaa, hata kiangazi.

Mahrous, ahsante kwa maji, na kwa kutubeba wanne miaka kumi na minne bila kulalamika uzito. Mola akupe afya, usingizi mzuri wa mchana, na njia zisizo na mbuzi. Leo baada ya chakula honi ya Namba Saba italia kwa mkono wako mara ya mwisho. Ukipenda, anza. Ukipenda, endelea mpaka wapishi waondoke. Finjani yangu nimeiacha nyumbani.