Mzunguko wa Sitini na Mbili: Maisha ya Ozella Crowder Furr, 1938–2024

Ozella Crowder Furr, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Juni 1938 katika nyumba za kiwanda cha nyuzi, Barrow Creek, North Carolina. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Bwana Lonzo Crowder na Bi Vertie. Mama yake alisimulia kwamba Ozella alipoanza tu kutembea alikuwa akihesabu biskuti mezani, na akiona kaka yake amepata moja zaidi analia. Akipewa hiyo ya ziada yeye, analia vile vile. Hakunyamaza mpaka zilipogawanywa sawa. Ndivyo alivyoanza, na ndivyo alivyomaliza.

Alisoma shule ya msingi ya Barrow Creek hadi darasa la nane, mwaka 1952. Kwa hesabu hakuna aliyemfikia, lakini siku ya kufunga shule zawadi alipewa mtoto mwingine, kwa kuwa hakukosa shule hata siku moja, na Ozella alikuwa amelala siku tisa kwa surua. Alipofika nyumbani alimwambia baba yake, "Kwa hiyo baba, aliyekaa kwenye kiti amemshinda aliyejua jibu?" Baba yake alimwambia ale chakula chake. Majira hayo hayo akaingia kiwandani, akafanya kazi chumba cha kusokota nyuzi kwa miaka thelathini na minne.

Tarehe 24 Agosti 1957 alifunga ndoa na Thurl Furr katika kanisa hili hili. Thurl alikuwa fundi wa mashine kiwandani siku tano, na Jumamosi alikuwa dereva wa mbio, gari namba 46, katika uwanja wa udongo mwekundu ulio nyuma ya mashamba ya Stamey. Walijaliwa watoto wawili, Renda na Dwain.

Siku hizo hakukuwa na mashine ya kuhesabu magari. Kila gari lilitakiwa kuleta mtu wake wa kukaa kwenye jukwaa la kuhesabia, na karibu wote walikuwa wake na dada za madereva. Unapewa kadi yenye visanduku mia, mbele yako kuna saa kubwa, na kila gari lako linapopita mstari unaandika saa inasema nini. Ukipiga chafya, umepoteza mzunguko. Wapo waliokuwa na penseli nyepesi, kadi zinajaa kabla gari halijafika, na wengine wao wamekaa humu ndani leo na wanajijua. Ozella hakuongeza hata nukta.

"Mke wangu, wenzio wanawapa waume zao mizunguko ya bure," Thurl alikuwa akilalamika. "Mimi hunipi hata robo."

"Kanyaga mafuta, baba. Ya bure iko mguuni kwako."

Coy Whisnant, gari namba 19, hakuwa na mke wala dada, na wazazi wake walishafariki. Kanuni ilikuwa wazi: huna wa kukuhesabia, huingii uwanjani. Kuanzia mwaka 1966 Ozella akaichukua kadi yake pia. Alikaa na kadi mbili mapajani, ya mume kushoto na ya Coy kulia, na kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kupata kosa.

Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1971 alasiri, zilikuwa mbio za mwisho za msimu. Katika kuwania kombe, dereva Gaither Lomax alikuwa anaongoza akiwa na pointi 704, Coy ana 703. Kwenye mzunguko wa sitini na mbili, kona ya tatu, gari namba 46 likapinduka mara tatu. Ozella akasimama. Hakuna mke ambaye asingesimama. Alipomwona Thurl anachomoza dirishani na kupunga mkono, akakaa, akashika penseli, akaendelea na kadi ya Coy hadi mwisho, huku mume wake anapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Kisha akaenda kushika mkono wa mgonjwa. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Nusu saa iliyoruhusiwa kuleta malalamiko baada ya mbio ilipita akiwa anasaini karatasi za hospitali.

Kadi ya Coy ilikuwa na mzunguko mmoja pungufu. Aliyestahili nafasi ya tatu akashushwa hadi ya sita, na Gaither aliyekuwa wa nne akapandishwa hadi ya tatu. Kombe likaenda kwa Gaither, 750 kwa 743.

Jumapili Ozella hakusikia hata neno moja la mahubiri. Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa Bwana Hobart Stamey, mwenye uwanja, akaomba kadi ziletwe mezani.

"Kosa ni langu," alisema. "Hapa nimeruka mzunguko. Ona nafasi iliyopo kati ya alama hizi mbili."

"Bendera ya njano ilikuwa nje, Ozella. Magari yalipunguza mwendo."

"Kadi ya Gaither hii hapa. Katika muda huo huo dada yake ameandika mara mbili. Au bendera ilikuwa ya Coy peke yake?"

"Labda alisimama kwa fundi."

"Fundi wa Coy ni Coy, Bwana Stamey. Na Coy alikuwa ndani ya gari."

Bwana Stamey akacheka, akakunja kadi. "Kombe limeshatoka. Picha imeshapigwa. Jina limeshapakwa rangi kwenye ubao wa getini."

"Rangi inakwanguliwa."

"Muda wa malalamiko ulikuwa nusu saa."

"Nilikuwa hospitali na mume wangu!"

"Kanuni haiulizi ulikuwa wapi."

Alikwenda moja kwa moja kwa Coy na kumwambia yote. Coy alikuwa chini ya gari, hata hakutoka. "Bi Ozella," alisema, "Thurl alikuwa anabingirika. Hata mimi nilitazama." Hakulitaja tena maisha yake yote. Hilo ndilo lililomuumiza Ozella. Angetukanwa, pengine angelala.

Tangu hapo hakuacha. Mwaka 1973 alifanywa mkuu wa wahesabuji, na kila msimu akatunza daftari lake mwenyewe la kupanga madereva, maana kanuni za Stamey zilimkera kama jiwe kwenye kiatu. Uwanja ulitoa pointi nyingi kwa kufika tu, ili magari yajae. Mwaka 1979 bingwa alikuwa mtu ambaye hakushinda mbio hata moja, akimpita aliyeshinda tisa. Kushinda magari sita siku ya mvua kulihesabiwa sawa na kushinda magari ishirini na manne. Daftari la Ozella lilimpa dereva pointi kwa idadi ya aliowaacha nyuma, na likamfutia siku zake mbili mbaya kuliko zote. "Injini ikifa si dhambi ya mtu," alisema. Kila Januari alipeleka daftari kwa Bwana Stamey pamoja na keki ya siagi. Bwana Stamey alikula keki na kurudisha daftari. Keki kumi na sita.

Mwaka 1989 kanuni zilibadilishwa, neno kwa neno kutoka kwenye daftari lile. Tangazo la getini liliandikwa: Kanuni Mpya za Hobart Stamey. Thurl alitaka kwenda kulichana. Ozella alimzuia, akasema, "Liache. Madereva watapangwa sawa, na hilo ndilo nililotaka." Lakini siku hiyo alimwomba Stamey kitu kimoja tu, mstari wa 1971 kwenye ubao wa mabingwa upakwe upya. Akajibiwa kwamba kanuni mpya hazirudi nyuma.

Coy Whisnant alifariki mwaka 1996, ubao ukiwa vile vile. Ozella ndiye aliyemwoshea sahani za mwisho na kumchagulia tai ya kuzikiwa. Thurl alimfuata mwaka 2009. Bwana Stamey naye alikwenda, na mjukuu wake anayeendesha uwanja sasa alimwambia Ozella kwa upole wote, "Bibi, ubao ule ni historia." Ozella akamjibu, "Ndiyo maana naona haya kuupita."

Figo zilianza kumsumbua mwezi Mei mwaka jana. Kuanzia Oktoba alikuwa kitandani nyumbani kwa Renda. Kabla ya Krismasi Bwana Gaither Lomax, ambaye leo yuko benchi la tatu, alifika kumwona, akabeba machungwa.

"Bado tu, Ozella?" alimuuliza.

"Bado, Gaither."

"Nina miaka themanini na sita. Kombe lenyewe limeota kutu. Unataka kuninyang'anya nini tena?"

"Mzunguko mmoja tu. Mingine yote uliikimbia vizuri."

Wakacheka mpaka Renda akaja kuangalia kuna nini. Gaither alikaa hadi saa kumi, akamenya machungwa yote, akaondoka hajakubali.

Wiki mbili kabla ya kufa, Ozella alimwita Renda na daftari. "Ubao ni wa Stamey," alisema. "Gazeti lina mwenyewe. Lakini karatasi ya mazishi hakuna anayeitupa. Watu wanaiweka kwenye Biblia, na wajukuu wanaikuta. Waandikie humo. Na kosa useme ni langu, usilipambe." Renda alimwuliza kama hataki pasomwe zaburi badala yake. "Zaburi wanazo tayari," alijibu.

Alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano.

Kwa hiyo, kama alivyoagiza, na mbele ya kanisa lake:

Uwanja wa Barrow Creek, msimu wa 1971. Wa kwanza, Coy Whisnant, gari namba 19, pointi 749. Wa pili, Gaither Lomax, pointi 748. Mzunguko wa sitini na mbili wa gari namba 19 ulikimbiwa. Haukuandikwa kwa kosa la Ozella Furr.

Bwana Lomax anakaribishwa chakula ukumbini kama watu wengine wote. Kuku yupo wa kutosha.

Ozella ameacha watoto wawili, Renda na Dwain. Mkwe mmoja, Marletta. Dada yake Bi Iva Crowder Teeter. Wajukuu watano na vitukuu watatu. Coy Whisnant hakuacha mtu, hivyo naye tunamwandika hapa, kwenye kadi ya Ozella, alikozoea kuwa.

Mungu ampokee, ampe pumziko lake, na penseli sasa aiweke chini.