Siku Nilipomwekea Mikono Mama Mkwe

Bwana asifiwe, watu wa Kamunyonge! Wale mlioko karibu na mlango sijawasikia vizuri, labda upepo wa ziwa umewanyang'anya sauti. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Wengi mnanijua. Mimi ni Elikana, mwinjilisti, yule mnayesema ana kipaza sauti kikubwa kuliko mwili wake. Mmezoea kunisikia nikieleza jinsi watu wengine walivyofunguliwa. Leo aliyefunguliwa ni mimi. Ndugu zangu, sikufunguliwa pombe, wala bangi, wala uganga. Nilifunguliwa kutoka kwenye kujua kila kitu. Msicheke! Huo ni ugonjwa kabisa, nami niliuugua miaka mingi huku nikihubiri.

Nimekulia Nyakato. Wazazi wangu ni watu wa Majita, waliokoka kabla sijazaliwa, wakaacha mila nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwetu mkwe na mkwe walikula pamoja. Nilikuwaga namuona bibi mzaa mama akimpakulia baba ugali na sato, wanataniana, maisha yanaendelea. Nilipoanza huduma nikahudhuria semina, tukapewa orodha ya mila za giza, nikainakili yote kwenye daftari. Mkwe kumkimbia mkwe ilikuwa namba nne. Sikuuliza nani aliyeiandika orodha ile, wala aliwahi kukaa na nani akazungumza naye. Niliipigia mstari, nikafunga daftari, nikajiona nimeiva.

Kisha Mungu akanipa mke, Rhoda wangu, Mzanaki wa Butiama. Kwao mila hiyo bado iko hai. Mama mkwe wangu, na jina lake sitalitaja kwa sababu mkwe halitaji, hakuwahi kunipa mkono. Nikiingia uani huku, yeye anatokea kule. Tukikutana njiani anaingia kwenye mihogo ya watu, anasimama amenipa mgongo mpaka nipite. Nami nilikuwa napita nikikemea kimoyomoyo.

Sasa, kiangazi kimoja tukafanya mkutano wa injili Butiama, siku tatu, uwanja uko karibu na zizi la wakwe zangu. Mama mkwe alikuja siku zote tatu! Alikaa mbali, nyuma ya wanawake wote, amekaa ubavu ili asinitazame. Lakini alikuja. Siku ya pili Rhoda akaninong'oneza kwamba mama yake alimuuliza, wakati wanachambua mboga, kama Yesu anampokea mtu mzima asiyejua kusoma. Ndugu zangu, nilifurahi nusura niruke! Nikamwomba Mungu anipe nafsi ile. Nikasema, Bwana, nipe kwa mikono yangu mwenyewe. Tazameni kiburi kinavyojua kuvaa nguo za maombi.

Siku ya tatu nikatoa wito. Watu wakaja mbele. Mama mkwe akainuka kule nyuma, akatembea, akafika kama hatua kumi kutoka kwangu, akapiga magoti hapo hapo akiwa amegeuza uso. Hapo ndipo alipofikia. Kwa akili timamu ningesema, asante Yesu, mama amekuja. Lakini mimi niliona hatua kumi tu. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Sogea, mama! Usimwonee Yesu aibu!" Hakusogea. Nikashuka jukwaani, nikamfuata. Akainuka, akarudi nyuma. Nikasonga, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagonga miti ya zizi na hakuwa na pa kwenda.

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Nikapaza sauti, "Toka!"

Alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Alivuta khanga akafunika uso wote, akapita chini ya mkono wangu, akakimbia, ndala moja ikabaki pale chini. Nami nikajua pepo ametoka. Nikapiga haleluya kwa nguvu zangu zote! Hakuna aliyejibu. Wanawake wa Butiama walikuwa wanaangalia chini, mmoja baada ya mwingine wakabeba watoto wao wakaondoka. Nikaendelea kuhubiri mbele ya ng'ombe.

Mama mkwe alijifungia ndani. Alisema jina la huyo Yesu lisitajwe tena nyumbani kwake. Yule aliyekuwa anauliza kama atapokelewa! Rhoda akaniambia nirudi kwetu hapa Musoma peke yangu, yeye anabaki mpaka mama yake atakapotoka nje.

Nilirudi. Nikafunga siku tatu nikikemea pepo wa ukaidi. Nilikemea mpaka sauti ikakauka, na hakuna habari yoyote iliyotoka Butiama. Siku ya nne Rhoda akapiga simu. Sikumpa hata nafasi ya salamu, nikaanza kumweleza kuhusu namba nne. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Elikana, hivi wewe huwa unaulizaga kitu? Tangu unioe hujawahi kuniuliza kwa nini mama anakukimbiaga. Hata mara moja."

Nikajibu kwamba sababu naijua.

"Basi nenda Bunda kwa bibi ukamwambie hiyo sababu unayoijua," akasema. "Yeye anakuitaga mume wake, atakusikiliza."

Bibi huyo ni mama yake baba mkwe, mkulima wa pamba. Na hapa nieleze kwa wasiojua: mama mkwe haruhusiwi kunisogelea, lakini bibi yake mke wangu ni mtani wangu. Ananiita mume, ananidai sukari, anamcheka Rhoda kuwa ni mke mdogo. Familia ile ile, mmoja anakimbia na mwingine anakurukia! Miaka yote nilikuwa nimeona hilo na sikujiuliza limekaaje.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachambua pamba kabla ya kuipeleka kuuza, nyeupe huku, na ile chafu iliyobadilika rangi, wanayoiita fifi, kule. Bibi bado anashika dini ya wazee wake na ugoro wake. Alikuwa ameshasikia yote.

"Karibu, mume wangu unayeshikashika wakwe," akasema. "Kaa hapo, chambua. Siongeagi na mtu asiyefanya kazi."

Nikakaa, nikachambua. Nikaanza hotuba yangu ya mila za giza, akanikatiza. Akaniuliza ile mila maana yake nini. Nikasema ni woga, ni kifungo cha mizimu. Akatema ugoro pembeni.

"Asiyejua maana haambiwi maana," akasema, "ila wewe nitakwambia kwa sababu ni mume wangu. Yule mama alizaa mtoto, ukamchukua, unalala naye. Sasa utamtazama vipi machoni? Ndiyo maana tunapishana. Hatuogopani, tunaheshimiana. Yule anavyokukimbiaga, anawaambia watu wote kwamba wewe ni mwanaume mwenye thamani kwake. Na siku ile alipopiga magoti mbele yako, watu walishangaa. Mama mkwe kupiga magoti mbele ya mkwe wake! Wakasema huyu Yesu lazima ni mkubwa. Halafu wewe ukamfuata."

Mikono yangu ikasimama kwenye pamba.

"Unajua waliokuwepo waliona nini?" akauliza. "Waliona mkwe anamvua nguo mama mkwe hadharani, anasema Yesu kamtuma."

Ndugu zangu, nililia. Nililia pale kwenye mkeka kama mtoto. Nilikuwa nimehubiri siku tatu kwa mdomo kwamba Yesu anawaheshimu wanyonge, na kwa dakika moja mikono yangu ikahubiri Yesu mwingine kabisa, Yesu anayevunjia wazee heshima. Wale watu walielewa vizuri sana. Asiyeelewa alikuwa mhubiri.

Nilipomaliza kulia, kitu kipya kikanipata. Nikatamani kujua! Nikaanza kumuuliza bibi maswali bila kupumzika. Mkikutana na mkwe kwenye hiace? Mnageukia madirisha tofauti. Akiwa mgonjwa? Unatuma mtu, unalipia dawa, unakaa nje. Na je, akitumbukia mtoni na niko peke yangu? Bibi akanitazama kama mtu aliyeoza akili. "Mvute kwanza! Aibu tutaongea akishakauka!" Ndipo nikaona kwamba mila ile ina akili ndani yake, inajua uhai ni mkubwa kuliko yenyewe. Hilo halikuwamo kwenye orodha yangu.

Msininukuu vibaya. Sisemi kila cha wazee ni kizuri. Nilimuuliza bibi pia kuhusu kukeketa wasichana, na kuhusu mjane kulazimishwa kurithiwa. Nilisikiliza majibu yote mpaka mwisho, na hayo nayapinga leo kwa nguvu kuliko zamani, kwa sababu sasa najua ninapinga nini na wanaoumia ni nani. Pamba hiyo hiyo ina nyeupe na ina fifi. Kazi ni kukaa chini uchambue, na mimi nilikuwa nabeba gunia zima nalitupa.

Nikiwa narudi Musoma nikawaza: Bwana Yesu, anayejua yote, alikuwa anawauliza watu maswali barabarani na mezani. Mimi nisiyejua kitu nilikuwa najibu tu, tena kabla ya kuulizwa. Nikatubu. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini mimi nilikuwa nimekugeuza kuwa dhambi.

Bibi alikuwa amenieleza kwamba aliyemvunjia mkwe heshima hupeleka mbuzi. Zamani ningesema hiyo ni kafara, imekwisha. Sasa nikaenda Butiama kumuuliza baba mkwe mwenyewe. Ni mtu wa ng'ombe, maneno yake machache. Tulikaa nje ya zizi. Nikamwambia, "Baba, nimekosa. Nataka kuleta mbuzi, ila kwanza naomba kujua. Damu yake inaenda wapi?"

"Chini," akasema. "Ulitaka iende wapi?"

Nikasema, "Baba, naogopa isiwe ya mizimu. Mimi ni wa Yesu. Siwezi kumwagia mizimu kitu."

Aliinuka akafunga mlango wa zizi, nikadhani nimeharibu tena. Kisha akasema, "Kuna nyumba wanamwagaga. Hapa utaleta mbuzi, utasema umekosa, tutakula. Ukitaka kumwomba Mungu wako kabla ya kula, omba. Sisi tunataka radhi yako, hatukudai mizimu." Akaniangalia. "Leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu, baba." Aliniita baba, kama mzee anavyomwita kijana wake.

Nikaleta mbuzi. Nikasema mbele ya wazee, nikiwa nimeelekea upande ambao mama hayupo, kwamba nilimkosea, na kwamba Yesu hakunituma kufanya vile. Nilisema hivyo mara mbili ili isikike mpaka ndani. Tukala. Jioni ile mama mkwe alitoka nje kukinga maji. Rhoda akaniletea ujumbe kutoka kwake, neno kwa neno: "Kama Yesu wake anaweza kukaa mahali ambapo mkwe wangu hafiki, nitaendelea kumuuliza."

Sikumjibu mimi. Nilimwomba mchungaji wetu, huyu aliyekaa hapa mbele, yeye si mkwe wa mtu pale. Alikwenda Butiama akiwa na Rhoda, wiki baada ya wiki. Mama aliuliza maswali mpaka mchungaji akawa anarudi amechoka. Muulizeni! Je, wazee wake waliokufa bila kusikia wako wapi? Je, atalazimishwa kuacha kuniheshimu? Mengine mchungaji alimjibu. Mengine alisema, mama, hilo sijui.

Na siku ikafika, haleluya! Mama aliomba abatizwe kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe. Nikauliza kama naweza kuwepo. Nikaambiwa hapana, mkwe hamuoni mama mkwe akiwa amelowa. Zamani ningebishana. Siku ile nikaenda nyuma ya tuta la lambo, nikasimama na ng'ombe wa baba mkwe, nimeelekea Bunda, sioni kitu.

Nilisikia maji yakichezewa na miguu ya watu wakiingia. Nilisikia sauti ya mchungaji ikimuuliza kama anamwamini Yesu Kristo. Ndugu zangu, miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia sauti ya mama yule ikinielekea mimi. Kisha ikaja, kubwa, ng'ombe wakainua vichwa: "Namwamini!"

Baadaye Rhoda aliniambia mchungaji alikuwa amesimama karibu naye kabisa, hapakuwa na haja ya kupiga kelele. Mama aligeukia tuta kwanza, ndipo akajibu. Alitaka ifike kule niliko.

Asante, Yesu! Asante kwa kufika mahali ambapo mguu wangu haukuruhusiwa! Bibi wa Bunda bado hajaokoka, anasema anafikiria, nami sina haraka naye. Na wewe uliyesimama pale mlangoni, ambaye labda kuna mtu wa Mungu aliwahi kukukimbiza mpaka mgongo ukagonga zizi, naomba unisamehe kwa niaba yake. Leo simfuati mtu. Kaa hapo hapo ulipo, na swali lako, na heshima yako. Mwamini Yesu kutoka hapo hapo. Mwite kwa sauti unayoiweza, atakusikia.